Kwa nini Benzi ya umeme imerudishiwa nyota: sedani za kifahari zinavyotafuta sura mpya mbele ya China

Aprili 2021, Mercedes-Benz ilizindua EQS, sedani kubwa ya umeme iliyokusudiwa kuwa pacha wa S-Class. Mwili wake ulipinda kama upinde mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Uso ulikuwa mweusi na laini, bila grili ya kweli. Boneti ilikuwa fupi, na ile nyota inayosimama juu yake haikuwepo.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2024, EQS hiyo hiyo ilitolewa upya. Safari hii mbele kulikuwa na mistari ya kromu inayofanana na grili, na nyota ikarudi juu ya boneti katika mojawapo ya matoleo.

Kwa haraka unaweza kusema ni pambo tu. Lakini badiliko hilo dogo linaeleza tatizo linalowasumbua watengenezaji wote wa magari ya kifahari: gari la umeme la bei kubwa linatakiwa kufanana na nini, wakati China inatengeneza mengine yenye kasi ileile kwa nusu ya bei au chini ya hapo?

Injini haitoshi tena kutofautisha

Kwa zaidi ya miaka 100, bei ya gari la kifahari ilikuwa na maelezo yake chini ya boneti. Injini ya silinda nane au 12, gia zinazobadilika bila kushtua, mngurumo ambao fundi wa kawaida hawezi kuutengeneza. Kampuni changa ingehitaji miongo kadhaa kufika hapo.

Mota ya umeme imelifuta pengo hilo. Ni kimya, ina nguvu tangu sekunde ya kwanza, na haina gia nyingi. Sedani ya kampuni ya simu inaweza kuondoka kwenye taa za barabarani sawa na gari la kampuni yenye miaka 100.

Kilichobaki ni umbo, kiti, vioo vya dashibodi, programu na jina. Jina lina uzito wake. Kiswahili chenyewe kilizaa neno "wabenzi" kuwaita vigogo na matajiri wapya baada ya uhuru, na kila mtu alijua gari gani linasemwa. Hofu ya sasa ya makao makuu ya Stuttgart, Munich na Ingolstadt ni kwamba jina peke yake haliuzi kama zamani.

Takwimu zinaonyesha hivyo. Mwaka 2021 Porsche iliuza karibu magari 96,000 nchini China. Mwaka 2024 idadi hiyo ilishuka chini ya 57,000. Mauzo ya Mercedes-Benz nchini China yalipungua kwa asilimia 19 mwaka 2025, na China ndiyo soko lake kubwa kuliko nchi nyingine yoyote.

Upepo ulivyochora EQS

Ili kuelewa kwa nini EQS ilichorwa vile, anza na upepo. Kadiri gari linavyokimbia, hewa inalisukuma nyuma zaidi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo ya hewa inaongezeka mara nne. Kwenye barabara kuu, sehemu kubwa ya umeme wa betri inatumika kupambana na upepo.

Gari la petroli linaweza kuficha tatizo hili kwa kubeba tangi kubwa. Gari la umeme haliwezi kirahisi, kwa sababu betri ni nzito na ni ghali. Njia ya bei nafuu ya kuongeza kilomita ni kulainisha mwili wa gari.

Ndiyo maana wahandisi wa EQS walifurahia namba moja: 0.20. Hicho ndicho kipimo chake cha ukinzani wa hewa, na kilikuwa miongoni mwa vya chini kabisa kwa gari linalouzwa kwa umma. Hata boneti haifunguliwi na mwenye gari. Maji ya kuoshea kioo yanajazwa kupitia kifuniko kidogo ubavuni, karibu na tairi la mbele.

Namba ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwa mnunuzi. Mtu aliyezoea S-Class anataka gari lenye boneti ndefu, kiuno kilichonyooka na buti inayoonekana. Ni sura inayosema "mkubwa amefika" kabla mlango haujafunguliwa. EQS ilionekana kama gari lolote la umeme, maana upepo ni uleule kwa kila kampuni, na kila anayeufuata anaishia karibu na umbo lilelile.

Novemba 2022, Mercedes ililazimika kushusha bei ya magari yake ya umeme nchini China. Kwa toleo la juu la EQS, punguzo lilizidi yuan 200,000.

Betri chini, bosi nyuma

Tatizo la pili liko chini ya sakafu. Betri ya gari la umeme hulazwa chini kama godoro. Kwenye gari refu la kwenda juu, kama SUV, sentimita chache haziumizi mtu. Kwenye sedani zinauma.

Sakafu ikipanda, ama paa lipande nalo, ama abiria akae magoti yakiwa juu. Paa likipanda, sedani inapoteza ile sura ya chini na ndefu. Likibaki chini, anayekaa nyuma anagusa dari kwa kichwa.

Porsche ilikutana na hili mapema. Ilipotoa Taycan mwaka 2019, wahandisi walikata sehemu za betri mahali abiria wa nyuma wanapoweka miguu, ili wakae chini zaidi. Kampuni ikaziita sehemu hizo "gereji za miguu".

Nchini China suala la kiti cha nyuma ni zito zaidi. Kwa miaka mingi mwenye sedani kubwa huko amekuwa akikaa nyuma huku dereva akiendesha. Ndiyo sababu Audi, BMW na Mercedes hutengeneza matoleo marefu kwa ajili ya China, kama Audi A6L na E-Class ndefu. Paa la EQS linaloteremka kwa nyuma linapendwa na upepo, ila linambana yule yule aliyelipia gari.

Wachina waliingilia mlango mwingine

Kampuni za China hazikuanza na swali la "sedani ya umeme ifananeje na S-Class". Zilianza na mtu aliye ndani.

Machi 2024, Xiaomi, kampuni inayojulikana zaidi kwa simu, ilizindua SU7 kwa bei ya kuanzia yuan 215,900, takriban dola 30,000. Ndani ya saa 24 ilipokea oda karibu 89,000. Watu wengi waliona inafanana na Taycan, gari ambalo China liliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Kilichowavuta vijana zaidi ni kwamba gari linaongea na simu zao na vifaa vya nyumbani vya Xiaomi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, zaidi ya SU7 130,000 zilikuwa zimekabidhiwa kwa wateja.

Juu ya hapo kuna sedani za matajiri hasa. Nio ilianza kuuza ET9 kwa yuan 788,000, takriban dola 108,000. Kivutio chake kilikuwa mfumo wa springi na shokapu unaosoma barabara. Ili kuuonyesha, kampuni ilipanga glasi za shampeni kama mnara juu ya boneti na kulipitisha gari kwenye matuta.

BYD ilitoa Yangwang U7 Machi 2025 kwa bei ya kuanzia yuan 628,000. Ina mota nne, moja kwa kila tairi, na kipimo chake cha upepo ni 0.195. Kwa maneno mengine, hata ile namba ambayo EQS ilijivunia imeshapitwa na gari la China.

Kisha Mei 2025 ikaja Maextro S800, kazi ya pamoja ya Huawei na kampuni ya JAC. Bei inaanzia yuan 708,000 na kuvuka milioni moja. Ina urefu wa karibu mita tano na nusu. Wachoraji wake hawakufuata umbo la yai. Wamechora gari refu, pana, lenye uso mkubwa, taa zinazometa kama vito na nafasi ya kutosha nyuma. Linauzwa likiwa la umeme mtupu au likiwa na injini ndogo ya kuchaji betri. Ndani ya miezi michache lilikuwa likiuza nchini China kuliko Porsche Panamera na BMW 7 Series.

Hapo ndipo Wajerumani walipopata somo lisilotarajiwa: mnunuzi tajiri wa China hakukataa gari kubwa lenye sura ya kibosile. Alikataa lile lililomnyima sura hiyo kwa ajili ya upepo.

Kalamu zilezile, kampuni tofauti

Zamani ilikuwa rahisi kusema Wachina wanaiga tu. Lakini wachoraji wakubwa wa Ulaya nao wamehamia huko.

Wolfgang Egger, aliyewahi kuongoza usanifu Alfa Romeo na Audi, ndiye anayeongoza usanifu wa BYD. Stefan Sielaff alitoka Bentley akaenda kundi la Geely na kuisimamia chapa ya Zeekr. Giles Taylor alikuwa Rolls-Royce kabla ya kujiunga na FAW mwaka 2018, kampuni inayotengeneza Hongqi, magari ya viongozi wa China. Kris Tomasson wa Nio aliwahi kufanya kazi BMW.

Kwa hiyo tofauti haiko tena kwenye mkono unaochora. Iko kwenye muda kati ya mchoro na gari kufika dukani. Kampuni za China hutoa modeli mpya ndani ya miaka miwili hivi. Kampuni za Ulaya zimezoea karibu mara mbili ya muda huo, na kwa gari ambalo thamani yake iko kwenye vioo na programu, miaka miwili ya kuchelewa ni kama kuuza simu ya juzi kwa bei ya leo.

Majibu matatu ya Wajerumani

*BMW: ficha umeme.* Mwaka 2022 BMW ilizindua i7 na 7 Series ya injini zikiwa na mwili mmoja, na zote zinatengenezwa katika kiwanda cha Dingolfing. Grili ni kubwa na inawaka usiku. Nyuma kuna skrini ya inchi 31 inayoshuka kutoka kwenye dari. Hasara yake ni kwamba gari lililoundwa kubeba injini pia haliwezi kupangwa vizuri kama lile la umeme mtupu. Faida ni kwamba hakuna mtu aliyeuliza kama i7 ni 7 Series ya kweli.

Kwa magari yanayofuata, BMW imeanza upya na ukoo wa Neue Klasse, jina lililotumika kwa sedani zake za miaka ya 1960. Gari la dhana lililoonyeshwa Munich mwaka 2023 lilikuwa sedani yenye mistari mitatu ya wazi: boneti, chumba, buti. Seli mpya za betri ni za duara, zenye kipenyo cha milimita 46, na zinapangwa moja kwa moja ndani ya betri bila maboksi ya katikati. Kwa njia hiyo betri inabaki nyembamba.

*Mercedes: rudisha uso.* Pamoja na kuirekebisha EQS, kampuni imeacha wazo la kuwa na ukoo wa pekee wa magari ya umeme yenye sura ya peke yake. CLA ya mwaka 2025 ni sedani moja inayouzwa ikiwa ya umeme au ya mseto. Ile ya umeme inatumia mfumo wa volti 800 na kwa vipimo vya Ulaya inafika hadi kilomita 792 kwa chaji moja. Kipimo chake cha upepo ni 0.21, kwa hiyo wahandisi hawajaupuuza upepo. Wameacha tu kuuruhusu uchore gari lote peke yake.

*Audi: vua pete.* Hili ndilo jibu lililowashangaza wengi. Novemba 2024, Audi na mshirika wake SAIC walitangaza chapa mpya kwa ajili ya China pekee. Inaandikwa AUDI kwa herufi kubwa, bila zile pete nne. Gari la kwanza, E5 Sportback, limejengwa juu ya msingi wa SAIC na lilianza kuuzwa 2025 kwa yuan 235,900. Ujerumani inaleta umbo, uzoefu wa barabarani na jina. China inaleta msingi wa gari, umeme wake na programu.

Hata waliobaki na nembo zao hawafanyi kila kitu wenyewe. BMW na Mercedes hununua seli za betri kutoka CATL ya China. Kwa magari yanayouzwa China, zote mbili zinashirikiana na kampuni ya Momenta katika mifumo ya kumsaidia dereva, na baadhi ya Audi za huko zinatumia mfumo wa Huawei.

Anayelipa gharama ya kuchelewa si mkurugenzi peke yake. Februari 2025 Audi ilifunga kiwanda chake cha Brussels kilichokuwa kikitengeneza Q8 e-tron. Mwezi uliofuata ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi kupunguza hadi nafasi 7,500 za kazi Ujerumani ifikapo mwisho wa 2029.

Vitasa vinaonyesha mitindo ina mwisho

Si kila kitu cha kisasa kinadumu. Mfano mzuri ni vitasa vya milango vinavyojificha ndani ya mwili wa gari. Tesla Model S ilivipa umaarufu kuanzia 2012, kisha vikaenea hadi EQS na sedani nyingi za China. Vinapendeza, na vinapunguza upepo kidogo sana.

Baada ya ajali zilizozua maswali kuhusu milango kutofunguka umeme unapokatika, China imetoa kanuni mpya. Kuanzia Januari 1, 2027, magari mapya yanapaswa kuwa na vitasa vinavyoweza kufunguliwa kwa mkono, nje na ndani, bila kutegemea umeme. Kwa kuwa China ni soko kubwa kuliko yote, wachoraji wa Ulaya nao watalazimika kufuata. Sheria ya Beijing inaweza sasa kubadilisha mlango wa gari lililochorwa Stuttgart.

Zikifika Mombasa

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki, maamuzi haya yatafika kwa njia ya mitumba. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia. EQS za mwaka 2021 zilizouzwa Uingereza zinabaki ndani ya umri huo hadi 2028.

Zimeshuka thamani haraka huko Ulaya, hivyo bei inaweza kuonekana kama bahati. Anayezitamani aangalie kwanza ripoti ya afya ya betri, na ajiulize ni fundi gani wa mtaani atakayegusa gari ambalo hata boneti yake haikukusudiwa kufunguliwa na mwenyewe. Sedani kama ET9 na S800 ni suala jingine, kwa sababu magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya China yana usukani kushoto.

Jaguar yacheza kamari

Mtihani unaofuata uko Uingereza. Jaguar iliacha kuuza magari mapya nchini humo mwishoni mwa 2024 ili kuanza upya ikiwa chapa ya umeme pekee. Desemba mwaka huo, mjini Miami, ilionyesha gari la dhana liitwalo Type 00. Gari litakaloingia sokoni baada ya hilo litakuwa na milango minne.

Type 00 ina boneti ndefu kupita kiasi na chumba kilichosukumwa nyuma. Kwa hesabu za wahandisi wa umeme, huko ni kupoteza nafasi, maana chini ya boneti ile hakuna injini inayohitaji urefu huo. Jaguar imeiweka kwa sababu ileile iliyoirudisha nyota kwenye EQS: mnunuzi wa gari la bei kubwa anataka lionekane la bei kubwa hata likiwa limesimama.